Droo ya Wanaocheka

3 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Hunijui, nami nakujua kwa jina la kazini tu, Mzee Mkasi, kama alivyokutaja fundi anayejalidi vitabu nyuma ya posta. Aliniambia, "Ukitaka magazeti ya vita ambayo hayajakunjwa, mwandikie Mkasi. Simu hapokei. Anasema pumzi zilizobaki ni chache, hawezi kuzitapanya kwa watu asiowaona." Ndiyo maana nashika kalamu.

Mimi nauza magazeti ya zamani. Duka langu lina upana wa mlango na nusu, kati ya fundi viatu na mchapaji wa kadi za harusi, na mtaani wananiita Mama Magazeti. Watu hununua gazeti la siku waliyozaliwa, au la siku babu yao alipoandikishwa jeshini, au la siku vita vilipokwisha. Nalitia kwenye fremu, nalifunga vizuri, wanampelekea mtu zawadi. Ya vita ndiyo yanayotoka zaidi. Sijui kwa nini mtu apende kutundika habari za mabomu juu ya kochi lake, lakini ndizo zinazonilisha. Nakala za mashine siuzi. Gazeti halisi nalijua kwa kulishika: karatasi ya wakati ule ilikuwa duni, ina vijiti ndani yake, na wino wake unaacha alama kidoleni hata leo.

Safari hii natafuta kwa ajili ya nyumbani. Ni toleo la tarehe kumi na nane, mwezi wa pili wa vita, lenye picha ya askari watatu wanaocheka na maneno makubwa juu: DARAJA NI LETU. Yule wa mwisho upande wa kulia, aliyegeuza uso pembeni, ni baba yangu. Alikuwa dereva wa lori kabla ya kuchukuliwa.

Mama analo lake, lakini limekwisha. Limekatika kwenye mikunjo, na uso wa baba haupo tena, Mama ameufuta kwa kuupapasa. Mwezi wa tano anatimiza miaka sabini. Nataka nimrudishie uso ule. Taja bei yako, sitabishana sana. Kidogo lazima, ndiyo kazi yangu.

Wako,
Mama Magazeti


11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ililetwa na mke wa mwanangu pamoja na dawa za asubuhi. Aliutazama mwandiko wako, akasema, "Baba, usije ukatuletea mama mdogo humu ndani." Nilicheka nikakohoa mpaka akajuta kunichekesha. Mapafu yangu, daktari anasema, yamekuwa kama chekecheke la zamani. Nalala nimeegemea mito, na mtungi wa hewa uko pembeni yangu kama mke wa pili, hauniachi hata nikienda chooni.

Jina la Mkasi nilipewa katika chumba cha picha. Mpiga picha huleta shamba zima, na gazeti lina nafasi ya tuta moja. Kazi yangu ilikuwa kukata. Niliifanya kabla ya vita, wakati wa vita, na miaka mingi baadaye.

Toleo unalolitaka sinalo. Nasikitika. Tuliligawa mno. Baada ya vita gazeti lile ndilo lilikuwa zawadi ya ofisi yetu. Mgeni mkubwa akija, mwenzetu akistaafu, mtoto wa mhariri akioa, anapewa "gazeti la daraja", nami natia sahihi pembeni ya picha. Picha ile ilinipatia ngao ya tuzo, ndiyo maana sahihi ilitakiwa iwe yangu.

Nakutumia mengine matano ya mwezi uleule, safi, hayajawahi kuona jua. Sitaki malipo. Ukinitajia siku uliyozaliwa nitakutafutia na la siku hiyo, liwe zawadi yangu kwako.

Kuhusu mama yako, nisamehe nikisema kama mzee. Mnunulie kitu kingine. Kiti kizuri chenye mgongo. Mtu wa miaka sabini anahitaji kiti kuliko karatasi.

Wako,
Mkasi


20 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo, na asante kwa matano yale. Ni mazuri kiasi kwamba niliogopa kuyafungua.

Lakini, mzee wangu, fundi wa kujalidi hana siri, ana gundi tu. Ameniambia mwaka jana alikutengenezea jalada gumu la kuhifadhia magazeti mawili, na yote mawili yalikuwa ya daraja. Nilimuuliza mara mbili. Akasema, "Mama Magazeti, mimi nayajua magazeti kwa vichwa vya habari kama unavyowajua wateja kwa madeni."

Sikuandiki kwa hasira. Mkusanyaji akisema hana, mara nyingi maana yake ni kwamba bei haijafika. Basi niambie bei. Na kama si bei, acha nikueleze kwa nini kiti hakitafaa.

Mama anakaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo watu wa manispaa wameipiga alama nyekundu mlangoni, kwamba haikaliki. Ufa umeanzia chini ya ngazi ukapanda hadi kwake, na sasa mkono wangu unaingia mpaka kifundoni. Milango mingine inafunguka yenyewe kwa sababu kuta zimehama. Wapangaji wote wameondoka. Maji yamekatwa. Kabaki Mama peke yake na cherehani yake, anapanda na ndoo. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemletea mhandisi. Mhandisi alimwambia, "Bibi, nyumba hii haimalizi msimu wa mvua." Akamjibu, "Na mimi simalizi mingi, mwanangu. Karibu chai."

Sababu yake ni moja. Baba anaijua nyumba hii tu. Waliipanga pamoja, akatokea hapo kwenda vitani. "Nikihama atanitafuta wapi?"

Jeshi lilimletea karatasi kwamba mumewe alikufa tarehe tisa. Kisha likatoka gazeti la tarehe kumi na nane, na baba yuko ukurasa wa mbele anacheka, na chini pameandikwa: vijana wetu jana, baada ya kulitwaa daraja. Mama aliikataa ile karatasi ya jeshi. Hakuvaa nguo ya msiba, wala hakukubali watu waje kumpa pole. Mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe alimtaka kwa miaka sita, mtu mpole, mimi nilikuwa nampenda. Mama alimwambia ana mume. Ukimbishia anakuwekea gazeti mbele na kusema, "Maiti hacheki, mwanangu." Hapo mazungumzo yamekwisha.

Mimi nilikuwa na miezi minane. Siku nyingine naamini, siku nyingine nauza magazeti.

Nimepanga hivi. Nitalitundika gazeti jipya nyumbani kwangu, sebuleni, uso wa baba ukiwa mzima. Kisha nimwambie Mama, mumeo sasa yuko kwangu, njoo umngojee huku. Ni ujanja wa kitoto, najua. Lakini mvua ziko karibu, na sina mwingine.

Wako,
Mama Magazeti


27 Machi

Binti yangu,

Ni kweli ninayo mawili. Nilikudanganya, wala si kwa ajili ya bei.

Kabla sijakutumia nijibu jambo moja. Mama yako aliwahi kwenda ofisi ya gazeti wakati wa vita, kuuliza habari za picha ile? Alikuwa amembeba mtoto kiunoni? Nani alimjibu, na alimjibu nini? Niandikie kama anavyosimulia yeye, usipunguze.

Pumzi hazitoshi leo. Barua fupi si ukali.

Mkasi


4 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Umejuaje habari za mtoto kiunoni? Mtoto huyo ni mimi.

Mama anaisimulia hivi. Gazeti lilipotoka alikwenda nalo mpaka ofisini kwenu. Bawabu alimzuia, akakaa kwenye ngazi za nje tangu asubuhi. Mchana akatoka kijana mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, wino mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake alisimama mtu mwingine mwenye koti. Mama akamwonyesha picha, akamuuliza, "Hii imepigwa lini? Nimeletewa barua kwamba huyu amekufa." Yule kijana akaitazama picha, akamtazama Mama, akanitazama na mimi. Mama anasema alinitazama sana, kama mtu anayependa watoto. Kisha akasema, "Ilipigwa jana, dada. Mumeo yuko salama. Barua za jeshi zinakosea kila siku. Nenda nyumbani ukamngoje." Akaingia ndani, akarudi na gazeti jingine, jipya, wino haujakauka, akampa. Ndilo hilo alilonalo mpaka leo.

Humwita "mtu wa ngazini". Kila usiku, kabla hajalala, anamtaja katika dua zake, baada ya baba na kabla yangu. Nilipokuwa mdogo niliona wivu.

Kama unamjua mtu huyo na yu hai, tafadhali niambie. Mama angefurahi kumshika mkono.

Wako,
Mama Magazeti


15 Aprili

Binti yangu,

Usimwambie mama yako aniombee tena. Mtu wa ngazini ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikalala siku mbili. Sasa naendelea.

Wakati wa vita hatukupata picha kutoka mstari wa mbele. Wapiga picha wetu hawakuruhusiwa kupita mto, na habari zilikuja kwa simu zikiwa zimekwishapangwa maneno. Lakini ukurasa wa mbele haukai bila picha. Kwa hiyo kabla vikosi havijaondoka tulitumwa makambini kupiga picha za akiba. Tuliwapiga mamia. Wakirudi hai au wasirudi, nyuso tulikuwa nazo. Nilizipanga katika kabati lenye droo tatu. Waliokaza uso waliwekwa droo ya chini, kwa habari za ulinzi. Walioonekana wachovu droo ya kati, kwa habari za uvumilivu. Wanaocheka walikaa droo ya juu, kwa ushindi. Mhariri alikuwa akipiga kelele tu kutoka mezani kwake, "Mkasi, nipe droo ya juu," nami natoa. Nilijivunia mpango huo. Nilidhani ni akili.

Baba yako alitoka droo ya juu. Picha ile ilipigwa kambini, kabla hawajapanda malori. Walipofika darajani walikufa wengi, na baba yako alikuwa mmoja wao. Karatasi ya jeshi ilisema kweli. Siku tulipochapa DARAJA NI LETU alikuwa amekwisha kuzikwa huko huko, na daraja halikuwa letu, lilikuwa halipo tena.

Mama yako alipokaa kwenye ngazi, aliyenituma nje alikuwa yule mwenye koti. Alikuwa mtu wa serikali aliyesoma kila ukurasa kabla haujachapwa. Aliniambia, "Nenda umtulize. Ukimwambia picha ni ya kambini, kesho mji mzima utauliza daraja liko wapi." Mwezi mmoja nyuma mwenzetu wa chumba cha maandishi alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Niliogopa. Nikasema niliyosema.

Hofu hiyo ilikuwa na haki yake kwa wakati wa vita. Vita vilikwisha mwaka uliofuata. Yule mwenye koti alihamishwa, kisha akafa. Mimi sikuhamishwa wala sikufa. Nilijua mji aliko mama yako, nilijua sura yake, ningeweza kumtafuta. Badala yake nilipewa ngao kwa ajili ya picha ile, nikapanda jukwaani, nikapigiwa makofi. Kila mwaka uliopita ulifanya safari ya kwenda kwake iwe ndefu zaidi. Nikajiambia ameshaolewa, ana watoto wengine, nitakuwa natonesha kidonda kilichopona. Niligawa gazeti lile kama zawadi kwa watu waliolipokea kwa mikono miwili, nikatia sahihi.

Sikujua kuhusu nyumba. Nimesoma barua yako ya ufa mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote.

Natuma magazeti yote mawili. Usimtundikie sebuleni. Ukimleta kwako kwa uongo wangu ule ule, atangoja kwako.

Mkasi


24 Aprili

Mzee,

Safari hii sikuamkii. Nimejaribu, neno limekataa kuandikika.

Nilimsomea Mama barua yako yote, tumekaa kitandani kwake. Nilitarajia alie. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza mteja anayelalamikia pindo la sketi. Kisha akasema, "Huyo mzee wamemtisha."

"Nani amtishe, Mama? Vita vimekwisha tangu ningali nanyonya."

"Basi dawa zimemvuruga. Mimi nilikwenda kambini siku walipoondoka, wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo, sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Walikuwa na kofia za kitambaa, kama za wanafunzi. Baba yako hakuwa na bunduki, zilikuwa hazijafika. Haya, tazama hapa. Kofia ya chuma. Na hiki ni kitako cha bunduki. Alivipata wapi kambini?"

Nilitazama. Nimeuza toleo hili mara nne maishani mwangu, yote yamechakaa, na sikuwahi kujiuliza. Kofia ni ya chuma. Kitako cha bunduki kipo, chini ya mkono wake wa kushoto. Mama akayakunja magazeti yako mawili safi, akayaweka chini ya mto pamoja na lile la zamani. Sasa anao ushahidi mara tatu.

Juzi kipande cha ngazi kimeanguka, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Anapita akiambaa ukuta.

Jana alikuja mteja kununua gazeti la daraja, mwanawe alizaliwa siku hiyo. Nilimwambia sinalo, na kwamba picha yenyewe si ya darajani. Akasema, "Haidhuru, mimi nataka tarehe tu."

Kama kuna kitu umekibakiza, kilete sasa. Ukweli wa nusu haumtoi mtu ndani ya nyumba.

Mama Magazeti


2 Mei

Binti yangu,

Nimebakiza. Nilidhani nitakufa nacho, na kwamba ningekuwa nimesema ya kutosha.

Ndani ya bahasha hii, kati ya makadi mawili magumu, iko picha yenyewe kama ilivyotoka kwenye maji ya dawa, kabla sijaikata. Nyuma yake kuna muhuri wa kambi na tarehe, lakini muhuri mama yako hataujali. Mwambie aigeuze, atazame upande wa kulia.

Kofia zilikuwa za kitambaa. Mama yako anakumbuka sawasawa. Tulikuwa na mchoraji aliyepaka juu ya picha kwa brashi nyembamba yenye nywele tatu tu. Aliwavisha wote watatu chuma, akafuta malori nyuma yao, akaweka moshi. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Baba yako hakugeuza uso pembeni kumtazama adui, kama tulivyoandika. Alikuwa anamtazama mwanamke aliyesimama karibu naye. Mwanamke mdogo, kitambaa kichwani, mdomo wazi, yumo katikati ya kusema jambo. Kiunoni amebeba mtoto. Baba yako ameushika mguu wa mtoto huyo kwa mkono wa kushoto. Anachekea maneno ya mkewe.

Nilipokata, mkasi ulipita kati yao. Mwanamke na mtoto waliangukia sakafuni, kwenye takataka za siku ile. Lakini mguu ulikuwa kiganjani mwa baba yako, haukukatika bila kukata na mkono wake. Nikamwuliza mchoraji, "Huu tuufanyeje?" Akasema, "Upe rangi nyeusi, uwe kitako." Kitako cha bunduki ambacho mama yako amekutolea kama ushahidi ni mguu wako.

Sasa unajua kwa nini nilikutazama sana pale ngazini. Si kwamba napenda watoto. Niliwatambua. Nilikuwa nimewakata kwa mikono yangu siku moja kabla, na mmekuja mmekaa mlangoni, wazima wazima, mnaniuliza picha imepigwa lini. Mama yako alikuwa kwenye picha ile. Ningesema neno moja, "kambini", angejiona mwenyewe. Mwenye koti alisimama nyuma yangu, ndiyo, lakini hakuwa akisikia vizuri, sikio lake moja lilikuwa bovu, na mama yako alikuwa akinong'ona. Ningeweza kunong'ona.

Hilo ndilo nililokuwa nimelibakiza. Hofu nilikuwa nayo, lakini haikuwa kubwa kama nilivyokuandikia. Nilisema uongo kwa sababu ulikuwa mwepesi, na kwa sababu alinitazama kana kwamba nina habari njema, nami nikapenda kutazamwa hivyo.

Mke wa mwanangu ameuliza kwa nini nimemtuma posta kwenye jua. Nimemwambia ni zawadi ya mtu.

Mkasi


19 Mei

Mzee,

Naandika kwa sababu Mama ameniagiza.

Nilipanda na picha yako nikiegemea ukuta, mvua imeanza. Nilimkuta anashona pazia la mtu. Sikumsomea barua. Nilimpa picha tu, nikamwambia, "Upande wa kulia."

Aliishika kwa kingo zake kama mimi ninavyoshika mali ya dukani. Hakumtazama baba. Alijitazama yeye, muda mrefu, akasema, "Kumbe nilikuwa mwembamba hivi." Halafu akauona mguu. Akaupima kwa ncha ya kidole, akalitoa gazeti chini ya mto, akaviweka pamoja mezani, picha na gazeti, akawa anatazama huku, anatazama huku.

"Mama, ulikuwa unamwambia nini hapo?"

Aliugusa mdomo wake ulio wazi pale pichani. Akasema, "Nilimwambia akichelewa kurudi nitaolewa na mwanamume mwingine. Mrefu kuliko yeye. Yeye alikuwa mfupi, hakupenda kutaniwa urefu, lakini siku ile alicheka."

Kisha akauliza, "Ile karatasi ilisema tarehe ngapi?"

"Tisa."

"Basi ni tisa."

Alilia, mzee. Nimemwona mama yangu akifiwa na dada yake, akifiwa na mwalimu yule niliyekuandikia habari zake, hakulia hivi. Alilia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile. Majirani wa jengo la pili walivuka barabara kuja kuuliza nani amefariki, nikawaambia baba. Wakaniuliza, "Baba yupi?" kwa sababu ni watu wanaonijua tangu utoto. Walikaa nasi chini, wakampa pole. Ndiyo pole ya kwanza aliyoipokea.

Asubuhi yake alishuka kwa miguu yake. Nilibeba cherehani, yeye furushi la nguo. Alitoka bila kufunga mlango. Niliporudi kuufunga akaniambia kutoka kwenye ngazi, "Uache. Hakuna anayekuja."

Yuko kwangu sasa. Nisikudanganye kwamba amepona. Yule aliyekuwa akingoja alipanda ghorofa tatu na ndoo ya maji. Huyu niliye naye anaomba asaidiwe kuinuka kitini. Usiku namsikia anasema dua zake. Baba yumo, lakini mahali pake pamebadilika, anatajwa pamoja na waliotangulia. Baada yake naja mimi. Katikati hapana mtu.

Siku aliyotimiza sabini nilimuuliza anataka zawadi gani. Akasema niandike barua hii, na maneno yaliyobaki ni yake, nayaweka kama alivyoyatamka:

"Mwambie nimeipata picha. Mwambie sina la kumpa kwa sasa, wala sijui kama nitakuwa nalo. Asikae akingojea msamaha wangu. Kungoja nakujua mimi."

Mama Magazeti